Picha Kwenye Mlango wa Mwas

Mwalimu Jentrix alikuwa amefika katikati ya rundo la vishikwambi. Alichukua kimoja, akakipangusa alama za vidole vya uji kwa kitambaa, akafungua picha zilizosahaulika ndani, akazifuta, akakiweka upande wa kulia. Kisha kingine. Mikono ikifanya hivyo, mdomo wake ulikuwa unafundisha. Darasa la Grade Four lilikuwa limezoea kufundishwa na mwalimu asiyepandisha sauti.

"Mtu usiyemjua akikuuliza kwenye intaneti unaitwa nani na unasoma wapi, utamwambia?"

"Nooo, teacher!"

"Akisema ana zawadi yako?"

"Nooo!"

Kamene, msichana wa dawati la mbele ambaye hakuwahi kumaliza kipindi bila swali, aliinua mkono. "Na kama ameshajua, teacher?"

"Atajuaje na hujamwambia?"

"Si ameandikiwa. Picha ya Wamboi iko pale stage, kwa mlango ya cyber. Ameshika ile kadi. Iko na jina yake, na shule, na plot ya kwao."

Kitambaa kilisimama juu ya kioo.

Kadi yenyewe ilikuwa wazo la Jentrix. Muhula uliopita kila mtoto alipanda sukuma wiki ndani ya gunia nyumbani, na mzazi akatakiwa kumpiga picha akinyunyiza maji na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Picha zilikuja nyingine giza, nyingine zimekata vichwa, na Jentrix akashindwa kujua gunia lipi ni la nani. Ndipo akachora mfano ubaoni: kila mtoto ashike kadi yenye jina lake kamili, darasa, shule, na mahali anapoishi. Kazi ikawa rahisi. Hata walimu wa mtaa wote wa Kiganjo, kwa jinsi alivyosikia, walikuwa wameiga.

Aliangalia dawati la Wamboi. Lilikuwa tupu. Asubuhi alipoita majina hakushtuka. Watoto huumwa na tumbo, huamka wakiwa wamechelewa. Lakini sasa alikumbuka ujumbe wa jana asubuhi. Ulitoka kwa namba isiyo na sura, na mahali pa jina palikuwa na nukta tu. Alitoa simu mfukoni akautafuta.

*Mwalimu, Grade 4 hutoka saa ngapi? Na Wamboi hutokea gate gani?*

Chini yake palikuwa na jibu lake mwenyewe, la adabu: *Saa tisa na nusu. Gate ndogo, ya upande wa kanisa. Karibu.*

Alifungua kundi la darasa, akasogeza kidole polepole hadi muhula uliopita. Ile nukta ilikuwa imetuma picha ya Wamboi. Ilikuwa imetuma pia picha ya Austine, halafu ya mtoto mwingine tena. Hakuna mzazi aliyekuwa na watoto watatu Grade Four. Kundi lile lilikuwa la linki. Aliyekuwa na linki aliingia, na Jentrix hakuwahi kuuliza ni nani amebisha.

Alimpigia Mama Wamboi. Mteja hapatikani. Akaipigia nukta. Ililia hadi ikachoka.

"Someni ukurasa tuliofungua," aliwaambia watoto, na sauti yake ikawa ndogo kuliko kawaida. Alimwomba Mwalimu Absalom wa darasa la jirani awaangalie, akaenda ofisini kwa naibu mkuu, Madam Idah, akamweleza bila kuruka kitu, pamoja na jibu alilolitoa.

"Ngai!" Madam Idah alikuwa ameshasimama, mkoba kwapani. "Twende polisi. Sasa hivi."

"Twende. Lakini tunapitia pale stage. Nataka kwanza nione hiyo picha."

"Wewe na upole wako, Jentrix! Mtoto akiwa ameibwa utamwambia nini mamake? Kwamba ulikuwa unaangalia picha?"

Jentrix alikuwa ameshatoka mlangoni. Alitembea mbele, haraka, na moyo wake ulikuwa ukimwambia maneno yale yale ya Madam Idah, ila bila huruma.

Picha ilikuwepo. Mlango wa bati wa cyber ulikuwa wazi, na upande wake wa nje palibandikwa karatasi yenye herufi nyekundu: TUNAPRINT PROJECT ZA WATOTO, POA NA HARAKA. Chini yake Wamboi alikuwa akicheka, pengo la jino mbele, mtungi mkono mmoja na kadi mkono mwingine. Magdalene Wamboi Muriithi. Grade 4. Jina la shule. *Plot ya kijani nyuma ya posho mill.* Kila mstari ulikuwa mahali pake, kama alivyouchora Jentrix ubaoni. Mwanamume mmoja aliyekuwa akingoja boda alikuwa ameegemea mlango ule, bega lake karibu na uso wa mtoto, wala hakuitazama. Lakini angeweza kuitazama. Yeyote angeweza.

Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na giza. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi.

"Piga ile namba tena," Madam Idah alinong'ona.

Jentrix alipiga. Simu ililia mle ndani, juu ya kaunta, chini ya gazeti.

Walitazamana. Madam Idah alimshika mkono.

"Sasa, wasee," sauti ilitoka nyuma yao. "Kama ni kuprint, stima hakuna. Mnaweza ngoja." Kijana mwembamba alikuwa anatoka kibanda cha jirani, kikombe cha chai mkono mmoja, nusu chapati mkono wa pili.

"Wewe!" Madam Idah alimvaa. "Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani, mathe?"

"Usiniite mathe! Wamboi! Huyu hapa mlangoni!"

"Wamboi wa Mama Wamboi?" Kijana alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. "Si ako kwa nyanyake, yule cucu wa Mwiki. Kwani hamkupata message?"

"Message gani?" Jentrix aliuliza.

Kijana aliweka chai chini, akachukua simu yake chini ya gazeti, akatoa macho. "Haiya. Mmenipigia hivi yote?" Kisha akampa Jentrix simu. "Ona. Niliandika asubuhi."

*Mwalimu, Mama Wamboi anasema Wamboi leo hatakuja, wako Mwiki, cucu ametoka hospitali.* Kando yake palikuwa na alama ndogo ya saa. Ujumbe haukuwa umeondoka.

"Wifi inatumia stima," kijana alisema. "Na bundle sina."

"Wewe ni nani?" Jentrix aliuliza. "Na kwa nini unaniandikia badala ya mzazi?"

"Mimi ni Mwas. Mwas wa cyber, kila mtu ananijua." Alionekana kuumia kidogo kwamba yuko asiyemjua. "Mama Wamboi ako na kabambe, ya kubonyeza. Mama Austine pia. Na yule wa kuuza githeri. Na nyinyi mlisema lazima picha iingie WhatsApp. Sasa wataingia na nini, na miguu? Wanakuja hapa, wanasema, mimi naandika. Mimi ndio WhatsApp yao, teacher."

"Na kuuliza gate?"

"Mama Wamboi alitaka kumpitia jana akitoka, waende Mwiki moja kwa moja. Si ulijibu? Alishukuru sana."

Madam Idah hakutosheka. "Maneno ni maneno. Tunataka kumsikia mtoto."

"Namba ya cucu hii hapa. Mama yake alinipigia nayo jana usiku, kabambe yake imezima."

Jentrix aliipiga, ikapokelewa upesi; alipojitambulisha, sauti ya nyanya ikajaa duka zima. "Nĩ ũ? Nani? Mwarimu? Mwarimu wa Wamboi? Wooi, karibu! Huyu mtoto wako amemariza kuku yangu na mbio!"

"Shikamoo, cucu. Naomba nimsikie kidogo."

Zilisikika kelele za kuku, mlango, hatua za kukimbia. Kisha pumzi ndogo karibu kabisa na simu.

"Teacher? Aki nimefanya nini?"

Jentrix aliisogeza simu karibu. "Hujafanya kitu, Wamboi. Umekunywa chai?"

"Ndio. Na viazi."

"Haya. Vizuri. Vizuri sana."

Alipokata simu, Madam Idah alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani, akijipepea kwa fomu ya mtu. "Viazi," alisema, akaanza kucheka, na kicheko kikamtoa machozi. "Mimi nilikuwa nishamweleza mkubwa wa kituo, kwa kichwa yangu. Nilikuwa nishampa hata rangi ya sweta." Mwas naye alicheka, bila kujua hasa anacheka nini, akamkatia kipande cha chapati. Madam Idah alikipokea akakila.

Jentrix alikuwa mlangoni, akibandua picha kwa kucha, taratibu, isije ikachanika usoni.

"Hiyo ndio sampuli yangu poa kuliko zote," Mwas alilalamika. "Imeniletea watu."

"Najua. Imetoka vizuri. Lakini imesema anakolala."

Mwas alisogea, akaisoma kadi kana kwamba hajawahi kuiona. Midomo yake ilicheza hadi mstari wa mwisho. "Lakini teacher, hiyo si mimi niliandika. Walisema mwalimu ndiye anataka."

"Ni mimi nilitaka. Sikulaumu." Aliikunja picha mara mbili. "Nyingine ziko?"

"Za mlango ni hiyo tu. Kwa kompyuta ndio ziko nyingi. Shule kadhaa. Kwa ile kompyuta ya wateja, folda imeandikwa *watoto*, iko hapo mbele."

"Mtu akija kubrauzi anaiona?"

Mwas alikuna kichwa. "Anaiona."

"Tuzifute."

Kijana alibonyeza swichi ya kompyuta, mara mbili, kuonyesha tu. Kioo kilibaki cheusi.

"Basi stima ikirudi usimkalishe mtu hapo. Kesho asubuhi nitapita kabla ya shule, tuzitoe pamoja."

"Nitaivalisha gunia," Mwas alisema, na kweli akatafuta gunia.

Njiani kurudi Jentrix alisimama, akafunga ile linki ya kundi. Alifika kwenye nukta, kidole kikabaki hewani. Angeitoa, mama watatu wangetoka nayo. Aliandika jina la Mwas badala ya nukta, akaiacha kwanza. Yapo mambo ya kuzungumza na hao mama uso kwa uso.

Darasani Kamene alikuwa amesimama kabla mlango haujafunguka. "Ulimpata?"

"Nimempata. Anafukuza kuku Mwiki."

Darasa lilicheka. Jentrix alichukua chaki akaanza kuandika upya maagizo ya project, kwa ajili ya muhula huu. *Picha iwe na gunia, mtoto na*... Alifuta *mtoto*. Alifikiri.

"Teacher, si sukuma inatosha?" Kamene alisema. "Sukuma haina jina."

"Na nitajuaje ni ya nani?"

Austine alisema wachore alama kwenye gunia, kila mtu yake. Mwingine akasema yeye atachora simba. Watatu wakasema simba ni wao. Kengele ya kwenda nyumbani ikalia ugomvi wa simba ukiwa haujaisha.

"Tutaamua kesho," Jentrix alisema. Aliwasindikiza hadi gate ndogo, akasimama pale hadi wa mwisho alipokata kona. Aliporudi, nusu ya vishikwambi vilikuwa bado upande wa kushoto, na alama zao za vidole vya uji. Alivifunika kwa kitambaa, akafunga darasa.