Kukunja Kumefutwa

Mtu akistaafu vizuri hununua viatu vya kutembelea, au hulala mpaka jua limfuate kitandani. Meneja hakustaafu vizuri. Alirudi nyumbani na usimamizi wake wote, akautua sebuleni, na kwa kuwa hapakuwa na ghala la kusimamia, akaanza kumsimamia mkewe.

Hilo jina la Meneja, tuelewane, hakupewa na ofisi. Miaka yote aliyokaa kwenye ghala la vipuri vya magari alikuwa msaidizi wa meneja, na meneja mwenyewe alikuwa mtu asiyeumwa wala asiyesafiri. Jina alipewa na binti yake, msusi mwenye mdomo wake, siku aliyomkuta baba akimwelekeza fundi bomba namna ya kushika spana. Baba akadhani anasifiwa, na jina likakaa.

Basi Jumamosi moja mchana Meneja alikuwa kochini, anaongea. Mkewe, muuguzi aliyetoka zamu asubuhi ileile, alikuwa chini kwenye zulia katikati ya rundo la nguo zilizoanuliwa, anakunja. Ndivyo Jumamosi zao zilivyokwenda tangu mzee astaafu. Mmoja anakunja, mwingine anaongea, na anayeongea ndiye anayelalamika kuchoka. Siku hiyo alikuwa anasimulia jinsi kijana aliyeshika nafasi yake ghalani alivyochanganya vichujio vya mafuta na mikanda ya feni kwenye rafu moja, jambo ambalo, ukimsikiliza yeye, lingeweza kuangusha serikali. Mkewe akawa anaitikia huku mikono inakwenda. Ghafla Meneja akanyamaza, akaikodolea macho ile mikono kama aliyefumania wizi.

"Mama Watoto, hebu niambie. Hiyo fulana unaikunja ya nini?"

"Ili iingie kabatini."

"Na ikitoka kabatini?"

"Inavaliwa."

"Inavaliwa ikiwa imekunjwa?"

Mkewe akamtazama. "Baba Watoto, kwani hujashiba?"

Alikuwa ameshiba, tena sana, na shibe ndiyo iliyokuwa ikiongea. Akasimama, mikono nyuma, akaanza kukata sebule kwenda na kurudi. Yaani nguo inakunjwa ili ikunjuliwe! Ni kazi gani hiyo ambayo ukitaka kuitumia lazima kwanza uiharibu? Ghalani mtu akifunga kasha na kulifungua tena bila kutoa kitu, si angeitwa ofisini ajieleze?

"Kuanzia leo kukunja kumefutwa," akatangaza. "Tunaweka kapu moja kubwa, kila mtu achukue chake. Muda tutakaouokoa humu ndani, mama, utashangaa mwenyewe."

Wapo wake ambao wangebisha. Huyu aliiachia ile fulana nusu imekunjwa nusu imelala, akasema, "Sawa."

Mwanamume mwenye akili timamu angeiogopa sawa hiyo. Haikuwa na swali, haikuwa na mguno, haikuwa hata na lile jicho la pembeni. Lakini Meneja alikwishajikalia zake, anajipongeza moyoni.

Kapu likaletwa. Lo, kapu! Kila asubuhi watu wazima watatu wameliinamia wanachakura, huyu anavuta mguu wa suruali, yule anavuta mkono wa blauzi, na mara nyingi ni nguo moja. Kitu pekee kilichokunjwa nyumbani wiki hiyo kilikuwa uso wa binti. Alikwenda saluni amevaa blauzi nje ndani, wateja walipomuuliza akasema ndio mtindo, na wawili wakamwamini. Meneja mwenyewe alikwenda kuwatembelea wenzake ghalani na shati lililoonekana limetafunwa na kutemwa. Alipomnyooshea mkono yule kijana wa vichujio, soksi ya rangi ya waridi ya binti yake ikachungulia kwenye mkono wa shati, ikadondoka mezani. Kijana akaiokota kwa adabu zote.

"Hii tuiweke rafu gani, mzee?" akauliza.

Hilo angelivumilia. Alijiambia kila mageuzi yana maumivu yake. Asilolitarajia ni Jumamosi. Mkewe alitoka zamu, akaoga, akavaa gauni lenye mikunjo kama lilivyotoka kapuni, akatupia mkoba begani.

"Unakwenda wapi?" Meneja akauliza.

"Kwa shoga yangu." Shoga yake alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma.

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

"Kukaa tu?"

"Eh. Si tumeokoa muda? Ndio nakwenda kuutumia."

Akaenda. Jumamosi iliyofuata akaenda tena, na safari hii akarudi akiimba chini kwa chini, jambo lililomuudhi Meneja bila yeye kujua kwa nini. Bwana mkubwa alikuwa amepiga hesabu zake zote isipokuwa moja. Alidhani muda ukishaokolewa utaletwa kwake, kama kila kilichobaki ghalani kilivyokuwa kikiletwa mezani pake. Akajaribu kuongea na binti, binti akaziba masikio kwa visikizi. Akaongea na runinga, nayo ilikuwa na maneno yake. Tuseme kweli bila kupaka rangi: upweke ulimkaba. Alimtaka mkewe awepo tu pale chini, basi. Lakini kusema hivyo ni kukubali kwamba amekosea, na Meneja angeona heri ameze spana.

Jumamosi iliyofuata akatumia mbinu. Akamwaga kapu zima kwenye zulia, akapiga magoti kwa kuguna, akaanza kukunja mwenyewe. Heh, mwenzangu! Suruali aliiviringisha kama bendeji. Taulo akalikunja likatoka na pembe tano. Shuka la lastiki alipambana nalo kona kwa kona, likamshinda, akaamua kulikalia ili asionwe. Mkewe alipotoka chumbani na mkoba wake, akasimama mlangoni.

"Kulikoni? Si kumefutwa?"

"Nimeupitia upya uamuzi," akasema Meneja bila kuinua macho. "Nimeona panahitajika mmoja wa kukunja na mmoja wa... wa kukagua ubora. Hebu kaa kidogo."

"Shoga yangu ananisubiri."

Hapo mbinu ikamwishia. Sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo, hata yeye hakuitambua. "Mama Watoto, nyumba imekuwa kimya. Sina wa kuongea naye. Rudisha kukunja kwako, nakuomba. Sikujua kama ndiko kulikokuwa kunakukalisha hapa."

Mkewe akacheka, lakini si kicheko cha raha. "Eti hukujua! Nguo za watu watatu zinachukua muda gani, Baba Watoto? Wewe kabla hujafika rafu ya pili, mimi nimeshamaliza zamani. Nikikutazama, bado unaongea. Basi nazikunjua taratibu, nazikunja tena. Ile fulana uliyoiitishia mkutano, sijui nilikuwa naikunja mara ya ngapi."

"Kwa nini?"

"Ningeinuka, ungeongea na nani? Miguu inaniwaka moto, usiku kucha niko wodini, kitanda kiko pale kinaniita, na mimi nimekaa nakunja kilichokunjwa. Halafu unasimama katikati ya sebule unaniambia napoteza muda."

Meneja akaliinamia lile taulo lake la pembe tano. Aibu ilimpanda kutoka magotini mpaka utosini. Alitaka kuomba radhi, ila kazini kwake radhi ziliombwa na wengine, hakuwahi kujifunza zinaanzia wapi.

"Na huko kwa shoga yako," akauliza mwishowe, "mnaongea nini?"

"Huko naongea mimi."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama anavyomwambia mgonjwa saa ya dawa imefika. Meneja akalichukua, akalimeza, likapita kwa shida. Miaka yote ile ya ndoa, akajaribu kukumbuka hadithi moja tu ya wodini aliyoisikiliza mpaka mwisho, akakosa.

Akasogeza nguo upande, akapatengeneza mahali kochini kwa kiganja. "Basi ongea hapa. Mimi nakunja."

Mkewe akatazama mlango, akamtazama yeye, akatazama kona ya shuka iliyokuwa inachungulia chini ya makalio yake. "Nakaa kidogo tu," akasema, akakaa, mkoba bado uko begani. Akaanza kusimulia habari ya muuguzi mkuu mpya aliyehamisha kabati la dawa bila kumuuliza mtu. Meneja alikuwa na mawazo mengi, mazuri kabisa, kuhusu mpangilio wa makabati. Akaung'ata ulimi. Akakunja. Hadithi ikafika kwa daktari, ikapanda moto, mkoba ukateremka begani wenyewe, mama mikono hewani anaigiza sauti za watu. Meneja akajikuta anacheka, mpaka alipopapasa zulia na kukuta nguo zimekwisha, na hadithi bado iko katikati.

Akatupa jicho la haraka. Mkewe alikuwa hamtazami. Akachukua shati la juu kabisa, akalikunjua polepole.

"Enhe," akasema, "muuguzi mkuu akajibu nini?"