Magodoro Yanayopiga Chafya

Wifi yake Mfamasia aliingia duka la dawa na pamba kichwani, akaiacha injini ya gari ikinguruma nje. Mfamasia alikuwa anafuta kioo cha kaunta kwa gazeti lililoloweshwa, kazi aliyoipenda kwa sababu haikumlazimisha kuzungumza na mtu.

"Wifi, nipe kitu cha kuzuia chafya," alisema mgeni, akaweka kiwiko juu ya kioo kilichokwisha kufutwa. "Wale wanawake wangu wananiharibia kazi. Mmoja anashona, apchaa! Mshono umekwenda upogo. Mwingine anachambua pamba, apchaa! Pamba yote iko darini."

Mgeni huyo alikuwa dada mkubwa wa mume wa Mfamasia, mwenye karakana ya magodoro ya pamba nyuma ya kituo cha mafuta. Ndiye aliyemlea huyo mume tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kumaliza sentensi mbele yake.

Mfamasia alishusha kutoka kwenye rafu kichupa cha dawa ya mzio, ile ya kupuliza puani. Maneno alikuwa nayo, yamepangwa kichwani kama alivyofundishwa chuoni. Chupa moja ni ya mtu mmoja. Dawa hii huweza kuleta usingizi, kwa hiyo mtu asikae kwenye mashine mpaka ajue inamfanyaje. Kichwa kiinamishwe mbele kidogo, kisirudishwe nyuma, na ncha ya chupa ielekezwe pembeni, mbali na ukuta wa katikati ya pua. Kipimo kisizidishwe. Alifungua mdomo.

"Wako wangapi, wifi?"

"Watano. Lakini moja inatosha. Kwani ni mswaki? Pua ni pua."

Wifi akacheka. Mfamasia naye akacheka. Hakuna kilichomchekesha; alicheka kwa sababu mwenzake amecheka. Kicheko kilipokwisha, gari lilikuwa limeshaondoka, na maneno yake yalikuwa bado mdomoni, yamenata kwenye ulimi kama kidonge kilichokosa maji.

Wiki hiyo chafya zilikoma karakanani. Zilianza kama kawaida, pua ikawasha, macho yakajaa machozi, halafu hazikutokea. Zilikokwenda hakuna aliyeuliza, mpaka magodoro ya wiki hiyo yalipofika majumbani mwa watu.

Wa kwanza kuja dukani alikuwa mwalimu mstaafu aliyefiwa na mkewe. Alipanga foleni nyuma ya mwanamke aliyefuata dawa ya kikohozi, akangoja zamu yake.

"Daktari," alisema. Wateja wote walimwita daktari. Kila mara alitaka kuwasahihisha, na kila mara aliona haya. "Godoro langu lina mafua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilinunue. Nikilitandika asubuhi, linapiga chafya. Nikijinyoosha baada ya chakula cha mchana, linapiga chafya. Homa halina, nimeligusa."

"Kamasi?"

"Hamna. Ni chafya kavu."

"Linapiga moja moja au mfululizo?"

"Mbili ndogo ndogo, halafu linanyamaza mpaka unadhani limemaliza. Halafu ya tatu. Hiyo sasa ndiyo yenyewe!"

Mwanamke wa dawa ya kikohozi, aliyekuwa bado anatia vidonge vya mwanawe mkobani, aligeuka akasema la kwake hupiga moja tu, nzito, ya kiume kabisa, na paka wake amehamia jikoni.

Mfamasia aliweka kalamu chini. Chafya hizo alizijua. Mbili ndogo na moja ya kuchelewa zilikuwa za Chiriku, binti wa cherehani, aliyepewa jina hilo kwa sababu hanyamazi. Ile nzito ya kiume ilikuwa ya Bibi Sindano, mzee mwembamba aliyeshona kingo za magodoro kwa mkono. Alizisikia mara nyingi siku alizopita karakanani kumpelekea wifi yake salamu au sufuria.

"Ni mzio," alisema. "Pamba ina vumbi. Lianike juani, ulipigepige."

"Litapona?"

"Litapata nafuu."

Mwalimu alishukuru. Kabla ya kuondoka aliuliza kama ni vibaya kuliambia godoro pole, kwa maana amekuwa akiliambia. Mfamasia akamwambia si vibaya.

Mchana alifunga duka akaenda karakanani. Dirisha pekee la chumba kile lilikuwa limepigiliwa ubao ili upepo usipeperushe pamba, na vumbi jeupe lilielea hewani bila haraka, likitua kwenye nyusi za watu. Kichupa chake kilining'inia kwa uzi kwenye msumari karibu na mlango, kama ufunguo wa choo. Wanawake watano walikuwa wamepanga mstari. Kila mmoja alikishika, akarudisha kichwa nyuma kama anayetafuta bati linalovuja, akajipuliza, akavuta pumzi kwa nguvu, akaifuta ncha kwa upindo wa gauni lake na kumpisha anayefuata.

Chiriku alikuwa wa mwisho. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa cha godoro, chenye mistari ya bluu.

"Karibu, Daktari! Umekuja kutazama wagonjwa wako?" alisema. "Dawa yako chungu, jamani! Inashuka kooni kama shubiri. Chai ninayokunywa hapa, ni kama nimeambiwa nijute."

"Kidole kimefanya nini?"

"Nimekishona." Alikiinua ili kionekane vizuri. "Nilisinzia kidogo tu, hivi, kama mtu anayeitikia salamu. Kuamka, tumeungana mimi na godoro. Bibi Sindano akaniambia nisijitingishe, mshono umenyooka."

"Ulikuwa umenyooka kweli," alisema Bibi Sindano bila kuinua macho.

Walicheka wote. Chiriku alicheka nao, kisha akapiga mwayo mrefu, na mwayo huo ukapita kwa wenzake mmoja mmoja mpaka ukarudi kwake.

"Unajipuliza mara ngapi?" aliuliza Mfamasia.

"Zamu yangu ikifika. Na nikihisi chafya inakuja, naongeza. Mama mwenye karakana amesema tuongeze tu, haina neno."

Mfamasia alifungua kitambaa. Kidole kilikuwa kimevimba na kung'aa, na kiungo cha juu hakikukunjika. Alimwambia aende hospitali leo hii. Chiriku akajibu kwamba leo kuna oda, labda Ijumaa.

"Ehe, wifi! Unawaambia nini watoto wangu?"

Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni. Cherehani zilinyamaza. Nyuso tano zenye nyusi nyeupe zilimgeukia Mfamasia, zikamngoja. Maneno yote yalikuwepo, kama siku ile. Aliyapitia haraka haraka moyoni, kama mtu anayetafuta sarafu kwenye mkoba mbele ya foleni, akachagua lile ambalo halingemkera mtu yeyote.

"Kichwa," alisema. "Msikirudishe nyuma. Mkiinamisha mbele kidogo, uchungu hautashuka kooni."

"Mmesikia?" alisema wifi yake kwa fahari. "Msomi huyo. Wifi yangu huyo."

Tangu siku ile waliinama, wote watano, kama watu wanaopita mlango mfupi. Chai ikarudi kuwa tamu. Chiriku alimtuma mtu dukani kuleta shukrani, na Mfamasia alizipokea mbele ya wateja, masikio yakimwaka moto.

Jumapili yeye na mumewe walialikwa chakula cha mchana kwa wifi yake. Asubuhi Mfamasia alijifungia bafuni, akafungulia bomba maji yatiririke ili mumewe asisikie, akafanya mazoezi ya sentensi nzima. Mezani alingoja hadi kila mtu apakuliwe.

"Wifi," alisema, "ile dawa inaleta usingizi. Na ile chupa moja..."

"Usingizi?" Wifi yake alishusha kijiko. "Sasa wewe mwanamke, mimi nauza nini?"

Meza nzima iliangua kicheko. Mumewe alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi Mfamasia ampigepige mgongoni, na nafasi ya maneno yaliyobaki ikaishia hapo mgongoni. Vicheko vilipotulia alijitahidi tena, kwa sauti ndogo, akiitazama sahani. Alisema kwamba walau lile dirisha lingefunguliwa.

Wifi yake hakukasirika. Alimweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtu wa nyumbani. Yule mwalimu mstaafu amewasimulia wenzake, na sasa watu wanaoishi peke yao wanakuja wenyewe kuulizia magodoro ya chafya. Wanasema nyumba inakuwa na mtu. Juzi amekuja mzee mmoja anataka chafya ya kike, lakini isiwe ya kelele.

"Nikifungua dirisha, vumbi litatoka. Vumbi likitoka, chafya nitazitoa wapi?"

"Na Chiriku?"

"Nimeshamwondoa kwenye cherehani. Kile kidole hakikunjiki tena. Sasa anachambua pamba, kule ndani kabisa, kazi yenyewe haitaki kidole." Alimwongezea Mfamasia mchuzi bila kumuuliza. "Simfukuzi mtu, wifi. Mimi si mbaya."

Na kweli hakuwa mbaya. Walipoaga aliwafungia juu ya gari godoro jipya, pana, la watu wawili, zawadi.

Mfamasia hulitandika kila asubuhi. Akivuta shuka tu, zinakuja mbili ndogo ndogo. Yeye husimama na pembe ya shuka mkononi, akangoja, mpaka ya tatu itoke.

"Pole," huliambia.

Kisha huinama na kuliambia mengine yote, kwa utaratibu, bila kuruka neno: kwamba chupa ni ya mtu mmoja, kwamba dawa ile huleta usingizi, kwamba mtu asiguse mashine, kwamba kuzidisha kipimo hakuharakishi nafuu. Huongea vizuri, sauti haimtetemeki. Godoro husikiliza mpaka mwisho.

"Unaongea na nani?" mumewe aliwahi kumuuliza, akinyoa ndevu mlangoni.

"Na mteja," alijibu, akachomeka shuka.

Kichupa cha karakanani kilipokwisha, wifi yake alikuja tena na pamba yake kichwani, gari likinguruma nje. Mfamasia alikuwa ameshaviweka tayari vichupa vitano juu ya kaunta, kwa mstari, karatasi za maelezo zikiwa zimetolewa na kufunguliwa. Wifi yake alivitazama kwa huruma kidogo. Alichukua kimoja, na vinne akavirudisha kwa kiwiko taratibu, vikateleza juu ya kioo mpaka vikamfikia Mfamasia tumboni.

"Pua ni pua, wifi," alisema, akacheka.

Mfamasia akacheka.

Gari lilipoondoka alivirudisha vinne kwenye rafu, akazikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile, akalowesha gazeti, akafuta alama ya kiwiko.