Kilima Kisichopimwa

Bibi Biubwa alipoiona X nyekundu kwenye saruji ya kaburi la mumewe, hakulia. Alirudi nyumbani, akavaa baibui, akaita bodaboda imfikishe Mlandizi, na kutoka hapo akapanda basi hadi Mkuza, Kibaha, kwa mtoto wa kaka yake. Nani asiyeijua X? Ikipakwa ukutani, nyumba inavunjwa. Na sasa wamempaka marehemu Shomari, aliyejilalia zake kilimani Mzenga bila kumkera mtu.

Mtoto huyo wa kaka yake hakuwa mtu wa mchezo. Khalfani alikuwa rubani wa ndege za jeshi. Siku injini ilipomzimikia angani, hakuruka kwa mwavuli. Aliing'ang'ania ndege mpaka ikavuka mapaa ya watu, akaitua kwenye shamba la mkonge, na hadi leo anachechemea. Akastaafu na ukanali wake, akagombea ubunge, akapita. Bungeni walimwita Rubani. Wenzake wakisinzia, yeye anauliza kisima cha kijiji fulani kimefikia wapi, na jibu lisipomridhisha anakwenda kukiona mwenyewe, na mguu wake huohuo. Alipong'atuka, akateuliwa kuongoza shirika jipya la anga za juu. Mzenga walipika pilau siku hiyo. Biubwa, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alizunguka kijiji kizima akitangaza kwamba mwanawe sasa ni mkubwa wa setilaiti, na alipoulizwa setilaiti ni kitu gani, alimjibu muulizaji kwamba hana shule.

Ndiyo maana X ile ilimuuma zaidi. Shirika lilitaka kujenga Mzenga kituo cha kuzungumza na setilaiti, chenye dishi kubwa kuliko nyumba, wakulima wapate habari za mvua na mafuriko mapema. Wapimaji wakachagua kilima cha makaburi. Mwenye shirika ni nani? Khalfani.

Alimkuta barazani, akiwa na mkewe Mwanahalima.

"Shikamoo, shangazi!" Khalfani aliinuka kwa furaha.

Biubwa kimya. Mwanahalima alikuwa ameshika sinia la chai, akawa hajui aliweke wapi. Shikamoo isiyoitikiwa na aliyekulea si jambo dogo. Ni kama kufungiwa mlango na mtu wa nyumbani.

"Shangazi, shikamoo."

"Umempaka Shomari rangi," Biubwa alisema. "Mtu aliyekuwa akikubeba mabegani ukaone ndege! Shikamoo yako kaa nayo."

Khalfani aliketi polepole. Alisema ramani aliletewa ofisini akaitia saini, na makaburi hayakuonyeshwa. Kisha akaacha kujitetea. "Sijawahi kurusha ndege ambayo sijaizunguka kwa miguu nikaikagua," alisema. "Hili nimelirusha bila kulizunguka. Kesho twende wote."

Kesho yake Biubwa alikaa kando ya kaburi, mikono kifuani, amenuna. Khalfani alikizunguka kilima akichechemea. Kila baada ya hatua chache alinyoosha mkono, akakunja ngumi na kuilinganisha na upeo, apime miti inaziba anga kiasi gani. Evodius, mkuu wa wapimaji, alimfuata nyuma. Mara Khalfani akasimama, akaonyesha ng'ambo ya bonde.

"Kile kilima ni kirefu kuliko hiki. Mbona hamkukipima?"

Evodius alikohoa. "Pale kuna nyumba, mkuu."

"Hata hapa kuna watu. Nyumba ya nani?"

"Ni... ni kwako, mkuu."

Ilikuwa kweli. Khalfani alikuwa akiijenga nyumba ile tangu akiwa luteni, tofali kwa tofali, likizo kwa likizo, ili azeekee kwao. Bati lilikuwa limepanda mwaka jana tu, na Mwanahalima alishachagua hadi mapazia. Hakuna aliyewaagiza wapimaji waikwepe. Waliikwepa kwa adabu, adabu ile ya maofisini inayomfanya mtu aone ukuta wa bosi haraka kuliko kaburi la maskini.

Biubwa alimtazama mwanawe. Wakubwa aliwajua. Hapa ndipo husafisha koo wakaanza kuzungumzia maslahi ya taifa.

"Rangi mnayo?" Khalfani aliuliza.

Evodius akaleta kopo na brashi. Khalfani alivipokea, akashuka bondeni, akapanda ng'ambo, Biubwa na Evodius wakamfuata, Biubwa akihema. Alipofika hakupaka mara moja. Aliizunguka nyumba yote kwa miguu, akigusa kuta, akatazama kila dirisha. Halafu akarudi mlangoni, akachora X kubwa, rangi ikachuruzika hadi kizingitini.

"Dishi litakaa hapa," alimwambia Evodius. "Na kule kwa mzee, futeni leo."

Biubwa aliona mkono wa brashi umelowa rangi hadi vidoleni. Mkono ulioitua ndege iliyozimika! Hasira yote ikamwisha, ikabaki fahari iliyomuuma kifuani.

"Mkeo utamwambia nini?"

"Ukweli. Atanuna."

"Atanuna sana."

"Najua, shangazi."

Biubwa alikamata pindo la kanga aliyojifunga chini ya baibui, akaanza kumfuta rangi vidoleni, kimoja kimoja, kama alipokuwa mtoto wa kuchezea tope. Kanali akatulia afutwe.

"Shamba langu la mihogo, lile lililo chini ya makaburi, jenga pale," alisema. "Si kilimani, lakini utakuwa jirani na Shomari."

Khalfani aliweka kopo chini. Tangu jana barazani alikuwa hajathubutu kumwamkia tena.

"Marahaba, mwanangu," Biubwa alisema.

Evodius aligeuka akatazama huku na huku, maana hakusikia mtu yeyote akitoa shikamoo.