Karani wa Mizani na Kiwanja cha Chekechea

Bibi alifika mkutanoni saa tatu kasoro asubuhi, amevaa miwani ya marehemu mumewe. Miwani ile haikumsaidia kusoma. Ilimsaidia kufanana na mtu anayesoma. Tangu kamati ya wakazi iundwe, miezi mitatu sasa, aliivaa kila Jumamosi akazitazama karatasi za halmashauri kwa utulivu mkubwa, akigeuza ukurasa pale wenzake walipogeuza.

Kamati ilikuwa na kazi moja tu: kuiambia halmashauri eneo la kiwanda cha ngozi cha zamani lifanywe nini. Kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka mingi, kikaacha bomba la moshi, maghala mawili yasiyo na paa na ekari kadhaa za magugu, na yote hayo hatua mia tatu tu kutoka benki na stendi ya mabasi. Kila mtu alikuwa na hamu yake na eneo lile. Wauza nguo walitaka soko. Vijana walitaka uwanja wa mpira. Mjukuu wa Bibi, mwalimu wa chekechea aliyefundisha watoto hamsini ndani ya stoo ya saruji, alitaka shule, na hakutaka kwa mzaha.

Bibi mwenyewe aliingia kwenye kamati kwa cheo. Kwenye fomu ya kuomba kuingia kamatini mjukuu alikuwa ameandika: "Karani mkuu wa mizani, miaka kumi na moja."

Hapo sasa pana maneno. Bibi hakuwahi kuwa karani mkuu. Hata karani mdogo hakuwa. Alisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe alilikalia miaka miwili. Kiwandani alisukuma toroli la matope: manyoya, chokaa, masalio ya nyama, na ule uji wa buluu uliobaki ngozi zikishalowekwa dawa. Siku mama wa mchumba wake alipomuuliza, "Mwanangu, pale kiwandani uko sehemu gani?" alijibu, "Niko pale mizani," maana toroli lake lilipita mbele ya mizani mara ishirini kwa siku. Hakuongeza neno. Walioongeza ni wengine. Mumewe aliujua ukweli kwa pua, akanyamaza kwa mapenzi. Watoto wakasema shuleni kwamba mama yao ni karani. Wajukuu wakamfanya karani mkuu. Mjini pale hakuna mwingine aliyepandishwa cheo na kiwanda kilichokwisha kufungwa, na Bibi alipokea kila cheo bila kulalamika.

Aliyebaki wa kumuumbua alikuwa mmoja tu, Mzee Boila, aliyechochea moto wa kiwanda enzi hizo, na sasa walikaa kamati moja. Hakumuumbua. Alimwita tu "Karani" kwa adabu iliyozidi kipimo, na kila alipomwita hivyo masikio ya Bibi yalipata joto.

Asubuhi hiyo walikutana ndani ya ghala la kwanza. Mhandisi wa halmashauri, binti mwenye buti zilizojaa vumbi, alitandaza ramani juu ya mlango mkuukuu uliolazwa kwenye mapipa mawili.

"Leo tunaamua kila jengo likae wapi," alisema. "Mafaili ya kiwanda yameoza yote, kwa hiyo faili ni nyinyi. Nimeruhusiwa vipimo vichache tu vya udongo maabara, sitaki kuvipoteza. Taka za kiwanda zilimwagwa wapi?"

Mwenyekiti wa kamati, kinyozi wa pale stendi, akamgeukia Bibi. "Hilo tumwachie Karani. Hakuna kilichotoka bila kupita mizani."

Bibi akaisogeza miwani puani. "Zilimwagwa kwenye shimo, kule juu kilimani, nyuma ya bomba la moshi. Ndivyo ilivyokuwa amri."

Hakudanganya. Amri ilikuwa hivyo kweli. Mzee Boila akakohoa kikohozi kirefu kisicho na makohozi.

Mhandisi alichora duara jekundu kule juu, kisha akaweka kiganja sehemu ya chini ya ramani, karibu na barabara. "Basi vipimo vyote vitaenda juu. Huku chini tuko salama. Na mmekiona kiwanja hiki? Eneo zima ni mteremko, hapa peke yake ni sawasawa kama meza. Chekechea ikae hapa."

Mjukuu alimshika Bibi mkono. "Unaona, Bibi? Kama vile kuna mtu alituandalia!"

Aliyeandaa alikuwepo, na mkono wake ndio huo ulioshikwa. Kupandisha toroli kilimani kulikuwa kunavunja kiuno. Huku chini palikuwa na korongo, karibu na mlango, na msimamizi wao alikuwa mtu wa kusinzia akishakula. Kwa miaka kumi na moja Bibi na wenzake walilijaza korongo lile, toroli kwa toroli, mpaka likawa meza. Mwishoni walilifunika udongo kidogo, wakajiona watu wasafi.

Bibi akajaribu kulizungukia jambo. "Mimi naona chekechea ingekaa kule upande wa ghala la pili."

"Kwa nini, Bibi?" aliuliza Mhandisi.

"Kuna upepo."

"Upepo?"

"Watoto wanapenda upepo."

Watu wakacheka. "Karani, hawa ni watoto, si nguo za kuanika," alisema kinyozi.

"Na huku chini kuna nyoka," Bibi akaongeza, akijiona mjanja.

"Nyoka tutawafyeka pamoja na magugu," alisema Mhandisi. "Wanaokubali, mikono juu."

Mikono ikapanda. Mjukuu alipandisha wake wa kwanza, uso unang'aa. "Mimi nataka na bustani," aliwaambia waliokaa karibu. "Watoto wachimbe wenyewe kwa mikono, wapande mchicha. Watoto wangu wanapenda udongo, wadogo hata wanaulamba!"

Mkono wa Mzee Boila ulibaki mapajani. Alimwinamia Bibi sikioni. "Karani, utasema wewe au niseme mimi? Mimi nikisema nitasema vibaya."

Bibi akasimama. Alijipangia hotuba ndefu yenye heshima, ikamponyoka yote.

"Mimi si karani," alisema.

"Tunajua umestaafu," alijibu kinyozi.

"Sijastaafu ukarani, sijawahi kuuingia! Pale mizani sikukaa hata kwa kupumzika. Nilikuwa nasukuma toroli la matope. Na kule shimoni kilimani sikufika." Akavuta pumzi. "Hapana, nisiongeze uongo. Nilifika siku wakaguzi walipokuja. Mara nne. Siku nyingine zote nilimwaga hapo mnapopapigia kura."

Mikono ikashuka mmoja mmoja. Mtu mmoja akaanza kucheka, akakosa wa kucheka naye, akaacha.

"Bibi," alisema mjukuu polepole, "ile fomu niliandika mimi."

"Uliandika ulichosikia."

"Hukuniambia si kweli."

"Sikukuambia. Kiliniingia vizuri kile cheo, mjukuu wangu. Kama kiatu cha saizi yangu."

"Watoto wangu wangechimba humo!" Sauti ilimpanda. "Ungeniacha?"

"Dakika tano zilizopita nilikuwa nakuacha," alisema Bibi. Halikuwa jibu zuri, lakini lilikuwa la kweli, na siku hiyo ndiyo kwanza alianza kulizoea jambo hilo.

Mhandisi hakucheka wala hakumsuta. Alishika kalamu tu. "Korongo lilianzia wapi, Bibi? Lilikuwa na kina gani?"

"Twende nikuonyeshe. Kwa ramani yako sitaweza, hata ukiigeuza."

Ndipo fundi magari, ambaye karakana yake ilipakana na ukuta wa kiwanda, akanyanyua kidole kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda nje. "Na mimi, kama tunasema... oili chafu huwa namwaga nyuma ya ghala la pili."

"Kule kwenye upepo?" aliuliza kinyozi.

"Huko huko."

"Mara ya mwisho ilikuwa lini?" aliuliza Mhandisi.

"Alhamisi."

"Alhamisi ya mwaka gani?"

"Ya juzi."

Mzee Boila naye akasafisha koo, safari hii kwa haja. "Kile kisima cha zamani nilikijaza mimi. Majivu, na mapipa sijui yalikuwa na nini. Nilikuwa natazama pembeni wakati nayasukumia." Alimtazama Bibi. "Ulidhani nimekunyamazia kwa wema?"

Kalamu nyekundu ya Mhandisi ikawa haitulii. Alisema kura imefutwa, vipimo vitagawanywa upya, na hakuna jengo litakalowekewa msingi mpaka maabara ijibu. Huenda mwaka. Mjukuu alisikia huo mwaka kama mtu aliyepigwa kofi. Watoto hamsini wangeendelea kukohoa vumbi la saruji. Hakumtazama bibi yake.

Wakatoka nje, Mhandisi amebeba vigingi na kamba. Bibi alitangulia, miguu ikimkumbusha kuliko kichwa: hapa toroli lilikuwa linakwama, hapa walikuwa wanalipindua, hapa ndipo mwenzake aliteleza akaingia mpaka magotini na wote wakacheka. Alijishangaa. Kwa miezi mitatu alikuwa amekaa kamatini hajui lolote, na leo kila alipoulizwa alikuwa na jibu.

"Ukingo ni hapa," alisema.

Hakuna aliyesogea na kigingi. Kisha mjukuu akavichukua vigingi mikononi mwa Mhandisi, akapiga magoti, akakipigilia cha kwanza kwa jiwe, kwa nguvu kuliko kilivyohitaji. Akafunga kamba. Ncha ya pili akamnyooshea Bibi, uso bado umekunjwa.

"Shika. Nenda mpaka mwisho wa korongo, na usipunguze hata hatua moja."

Bibi akaishika kamba, akaenda, akahesabu kwa sauti ili wote wasikie. Alipofika arobaini na sita mjukuu alidhani amemaliza, akainuka.

"Bado," alisema Bibi, na akaendelea kutembea.