Mudi Alikuwa Kituoni

Mdogo wangu Mudi aliiba maboya mawili. Hilo sikatai, naye hakukataa. Mwaka 2012 meli za utafiti wa gesi zilitandaza maboya katika ghuba ya Tungue, hapa kwetu Palma, na wavuvi wakakatazwa kupita. Mudi na Tuaibo, waliotahiriwa jando moja, wakayakata mawili wakayafunga kwenye jarife lao, wavu mkubwa wa samaki. Jumatatu polisi waliliona jarife limeanikwa nyuma ya nyumba yetu. Wakamchukua Mudi. Tuaibo akakimbia.

Alhamisi asubuhi Tuaibo alirudi baharini peke yake kutafuta maboya mengine. Mlinzi mmoja wa meli hizo, Custódio, akamkuta. Tuaibo alimpiga usoni kwa kafi la mtumbwi, jicho likapasuka. Saa hizo Mudi alikuwa kituo cha polisi, siku ya nne. Mchana wa siku hiyo nilimpelekea ugali wa muhogo na samaki. Akatafuna, akatema mchanga, akanitania: "Dada, huyu umemvua au umemchimba?"

Tuaibo alipokamatwa, kesi ikawa moja. Wakili wetu, doutora Alda, binti wa Maputo, alimwambia Mudi, nami nikamtafsiria: "Jibu la maboya tu. La jicho si lako."

Mbele ya jaji Tuaibo aliulizwa nani aliamua mlinzi apigwe.

"Tulipanga wote. Mudi alisema akija mtu, tusimwachie."

Jaji akamgeukia Mudi. "Ni kweli?"

Nilimwona akifungua mdomo. Kisha akamtazama Tuaibo, akaufunga. Jandoni walifundishwa kwamba mwenzako humkanushi mbele ya wageni, wala humsuti mkiwa wawili, hata akikosa.

"Sina neno," akasema.

Alda alionyesha karatasi ya kituo, yenye siku aliyoingia. Jaji alisema karatasi ile inaonyesha mtu alikuwa wapi, haionyeshi mpango ulitoka wapi. Waliopanga pamoja watabeba pamoja. Miaka minane kila mmoja.

Ilibaki rufaa, na rufaa ilimhitaji Tuaibo. Nilimfuata gerezani.

"Sema kweli tu, Tuaibo. Miaka yako haitaongezeka."

"Najua, dada."

"Sasa?"

Alikuwa anakwangua ukuta kwa ukucha. "Mudi akitoka, mimi nabaki humu na nani?"

Nilidhani anafanya mzaha. Nikangoja acheke.

"Mudi mwenyewe hajaniuliza," akasema. "Tunalala mkeka mmoja, hajaniuliza hata siku moja. Wewe dada ndiye unayeuliza."

"Yeye hawezi kukuuliza! Na wewe unajua kwa nini."

Akaomba nimsalimie mama yake, akarudi ndani.

Mwaka wa pili wa kifungo Mudi alikufa kwa homa humo gerezani. Tulimzika Palma. Arubaini haijafika, Alda akanipigia simu.

"Dona Zulfa, Tuaibo anataka kusema. Anasema Mudi hakupanga lolote juu ya mlinzi. Lakini rufaa ya marehemu hufungwa. Haitabadilisha hukumu. Nimwambie aache?"

Nilimwambia asimwachishe. Ayachukue maneno yake yote, na Jumatatu iwemo, na Alhamisi iwemo, na Tuaibo atie dole gumba chini yake. Kama tribunal ya jaji haiyataki, mimi nayataka. Kisimani wanawake bado wanamwambia mama kwamba mwanawe alimtoboa mtu jicho. Nitakwenda na karatasi hiyo, niwasomee, mama akiwapo.