Bodi ya Nahodha

"Fundi, umenichezea shere!" kinyozi alifoka kwenye simu. "Mashine inakataa gemu zote. Wateja wamekaa wananitazama kama sanamu."

Bisibisi, jina alilopewa na mtaa, alicheka. Hiyo ndiyo kazi aliyojivunia: kuibadili bodi ya ndani ya mashine ya gemu mpaka ikubali gemu za kunakili. Aliyoifungua yeye haikatai kitu.

Kisha akakumbuka meza yake ya jana, akaacha kucheka.

Mashine mbili za aina moja zilikuwa pale, zimevuliwa vifuniko. Moja ya kinyozi, nyingine ya mdogo wake yeye Bisibisi, Nahodha, aliyeileta isafishwe feni. Alikuwa akizifunga huku wakibishana, na Bisibisi akibishana haoni mikono yake.

"Wenye kampuni wanatufungia mashine kwa uchoyo," alikuwa amesema. "Mashine wanaiuza kwa bei ya kuvutia, halafu wanakukamua kwenye gemu. Gemu ya kunakili inawauma mfukoni. Basi!"

"Na mimi je, kaka? Mtu anaingia mtandaoni na mashine iliyochezewa, kipa wake hafungiki hata upige mzinga. Wakimwacha, nani atabaki kucheza?"

"Unawatetea matajiri?"

"Najitetea mwenyewe. Kaza hiyo skrubu, acha mdomo."

Skrubu aliikaza. Vifuniko alivipishanisha.

Sasa bodi iliyochezewa ilikuwa chumbani kwa Nahodha, na mchana huohuo alikuwa na fainali ya gemu ya soka mtandaoni. Mshindi anasajiliwa na timu. Kampuni ikiinusa bodi ile, itafungia mashine, itafungia na akaunti aliyoijenga tangu shuleni. Hakuna rufaa.

Tumaini lilikuwa moja. Kila mashine aliyoifungua aliikata waya wa antena ya mtandao, isije ikajipeleka mtandaoni yenyewe. Lakini hii aliikata? Alijaribu kuukumbuka mkasi mkononi, akakumbuka mdomo wake tu ukifoka.

Akapiga simu. Nahodha huzima simu akicheza. Akaacha duka wazi, akatoka mbio.

Alimkuta amepiga magoti nyuma ya runinga, waya mrefu mkononi.

"Afadhali umekuja! Umesafisha feni ukaiharibu mashine, haioni mtandao. Nimeazima waya kwa jirani, nachomeka hapa..."

"Usichomeke!"

Aliurukia ule waya, akaipiga meza teke, chai ikamwagika.

"Kaka, umepagawa? Dakika chache mechi inaanza!"

"Hiyo siyo yako." Pumzi zilimkatika. "Ndani ni ya kinyozi. Nimeifungua."

Nahodha aliutazama waya, kisha tundu lake, wala havikuwa mbali. Bisibisi alingoja atukanwe.

"Yangu iko kwa kinyozi?"

"Ndiyo."

"Ameichezea?"

"Ameipa gemu za kunakili, imezikataa."

"Imemshinda, basi ni safi!" Akanyakua kidhibiti chake. "Twende!"

Walikimbia. Kinyozi alikuwa na mteja aliyenyolewa nusu kichwa, akafungua kinywa alalamike. Nahodha akampita, akakaa sakafuni mbele ya runinga. Bisibisi aliwasha mtandao wa simu yake, akaishikilia karibu na mashine kama anayemulika shimo.

Duara likazunguka kwenye kioo. Likazunguka. Jasho likamdondoka Bisibisi kwenye simu, hakuthubutu kulifuta.

Jina la Nahodha likatokea, na la mpinzani wake kando. Filimbi ikalia.

"Kumbe fainali!" mteja wa nusu kichwa akageuza kiti.

Kinyozi akamsogelea fundi sikioni. "Sasa na yangu? Utaniletea lini ile iliyofunguliwa?"

Bisibisi aliutazama mgongo wa mdogo wake, umekakamaa kama ubao, akaisogeza simu karibu zaidi na mashine.

"Nyamaza kwanza," alisema. "Anapiga kona."