Fundo lenye sikio

Mvuke wa matoke ulipopanda, Sidonie aliona ziwa. Alisimama katikati ya jiko, mwiko mkononi, akiutazama ule weupe, na Nakivale, ziwa la kwao, ikajitokeza taratibu: maji yametulia, ukungu umeyafunika, na kando yake mama yake, Pélagie, ameinama juu ya beseni, akibonyeza mihogo kuona kama imelainika.

"Wewe Sidonie! Nalala na macho wazi?" Sauti ilitoka mlangoni. "Maaskari nataka chakula, wewe naangalia moshi!"

Ziwa likatoweka. Aliyeita alikuwa Medius, ambaye mtaa mzima wa Kakoba ulimwita Mama Meddy, mjane wa sajenti. Kiswahili chake, ambacho hakikutofautisha mimi, wewe na yeye, alikiokota kwenye kambi ya jeshi alipokuwa akiishi na marehemu, na hoteli yake ilikuwa kwenye barabara ya kwenda kambi hiyo hiyo. Alikuwa mwepesi wa kufoka na mwepesi zaidi wa kucheka.

Sidonie alipenda jiko lile kwa sababu moja: halikumtaka aseme. Sufuria hazikuuliza kitu. Nyumbani riziki yao ilikuwa kwanga, mikate ya muhogo inayofungwa kwa majani ya mgomba, na kwanga ilitaka mdomo. Siku za soko mama yake alisimama Rwekubo, soko la huko Nakivale, akiita, "Kwanga ya moto! Muje, bandugu, muje!" mpaka watu wakaja wakicheka. Siku alizomwachia Sidonie beseni, sauti ya binti iliishia kooni. Kwanga ilipoa. Alirudi nayo.

Sasa bega la Pélagie lilikuwa limekataa kutwanga. Ama Sidonie aichukue ile kazi mikononi mwake, ama iishe. Lakini Mama Meddy, baada ya kumjaribu kwa majuma machache, alikuwa amemwambia abaki moja kwa moja: chumba cha uani, na mshahara kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Jibu alilitaka Jumapili ya mwisho ya mwezi.

"Unawaza nini?" binamu yake Olga, aliyemtafutia kazi hiyo, alimshangaa. "Wewe unaogopa hata kuomba chumvi. Utauzia nani kwanga? Utauzia mbuzi?"

Sidonie alicheka kwa kuficha meno. Olga alisema kweli. Hata hivyo mikono yake haikutulia. Ilitamani ule ulaini wa muhogo uliolowa, na siku moja akanunua mihogo michache, akaimenya, akailoweka kwenye ndoo nyuma ya jiko. Kila alipopita aliinua kifuniko kidogo, akavuta pumzi. Ilikuwa harufu ya kwao, kali na chachu, na ndani yake aliisikia hata sauti ya mchi.

Kisha asubuhi moja akakuta ndoo imepinduliwa ukutani, safi, imesuguliwa kwa sabuni. Mihogo ilikuwa mtaroni, myeupe, kama mayai yaliyodondoka kutoka kwenye kiota.

"Banange, jamani, kuna kitu nilikufa ndani ya ile ndoo!" Mama Meddy alisema, bado ameziba pua. "Mimi nafikiri panya. Nimemwaga yote."

Sidonie alichuchumaa kando ya mtaro. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Haikufa," alisema mwishowe. "Ilikuwa inaiva. Kesho ningeitwanga."

Mama Meddy alimtazama, akatazama mtaro, akajipiga paja. "Mama wee! Kumbe ni chakula?" Alicheka hadi akashika ukuta, kisha akaona uso wa msichana, akaacha. "Pole, mwanangu. Nunua ingine, mimi nalipa. Pika ya hoteli. Wakongo nakula hapa mingi."

Basi Sidonie aliloweka, akatwanga, akapitisha majani motoni yakalegea, akafunga kwa kamba. Huko Rwekubo kila mama muuza kwanga ana fundo lake, na mteja huligusa kabla ya kuuliza lolote. Fundo la Pélagie huachiwa kitanzi kidogo kilichosimama juu. Watu hukiita sikio. Vidole vya Sidonie vilifunga sikio vyenyewe, huku macho yake yakiota.

Jumamosi Mama Meddy alizifungua zote jikoni. Majani na kamba vikaingia motoni. Kwanga alizikata vipande, akazipanga kwenye sahani pamoja na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akazipeleka mezani mwenyewe.

Miongoni mwa walaji alikuwepo Appolinaire, shemasi wa kanisa lao Nakivale, aliyekuja mjini kutafuta mabati. Sidonie alimwona kupitia tundu la dirisha. Alimwona akitafuna, akifumba macho.

"Iko muzuri," shemasi alimwambia Mama Meddy. "Muzuri kabisa, mama. Lakini siku moja ufike Rwekubo, ukule ya mama moja anaitwa Pélagie. Ile ya sikio. Ile haina ndugu."

Sidonie alifungua mdomo. Ni mimi, alitaka kusema. Ni mikono ile ile. Maneno yalifika kwenye meno, yakakaa. Shemasi akanawa, akaenda zake. Nyuma ya Sidonie, jikoni, kamba ya mwisho ilijikunja kwenye makaa, sikio lake bado limesimama, likawa jekundu, likawa jivu.

Alilitazama muda mrefu. Safari hii mvuke haukumwonyesha ziwa.

Jumapili Mama Meddy alipouliza, Sidonie alikuwa amekwishafunga nguo zake.

"Nitarudi nyumbani, Mama Meddy. Ukitaka kwanga nitakuletea. Lakini nitaileta imefungwa. Na iende mezani imefungwa. Mwenye kula afungue mwenyewe."

"Ati?" Mama Meddy aliweka mikono kiunoni. "Jana hata 'ndiyo' nilikuwa shida. Leo napatia mimi amri ndani ya hoteli yangu?"

"Ndiyo," alisema Sidonie, akitazama miguu yake.

Mama Meddy alianza kufoka, kicheko kikamwahi. "Haya, bosi. Leta. Lakini mshahara hakuna, na chumba napatia mwingine. Umesikia?"

Alisikia. Aliogopa njia nzima, na hakugeuka.

Siku ya soko aliketi Rwekubo mahali pa mama yake, beseni mapajani. Alijaribu kuita. Midomo ilifunguka, hewa ikatoka tupu. Watu walipita kama wanavyopita ndotoni, karibu sana, bila kumwona. Vumbi lilimeremeta. Kwanga zilianza kupoa.

Kisha mkono mzee ukashuka kwenye beseni, ukainua moja, kidole gumba kikatafuta fundo. Alikuwa Nyirakamana, bibi ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Kidole kiligusa kitanzi, kikasimama.

"Sikio," alisema. "Pélagie amepona? Nani amefunga hii?"

Sidonie aliliinamia beseni.

"Ni mimi," alisema.

"Sema kwa nguvu, mwanangu. Mimi sioni."

"Ni mimi, bibi! Sidonie!"

Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndizi kichwani aligeuka kuona nani anaita.